Mgeni Kwenye Kibanja cha Kyaruzi

Wasichana wa rika la Benadetha hawakupanda baiskeli, walipakiwa. Walikaa upande kwenye keria, mkono mmoja umeshika siti na mwingine umebana kitenge kisipeperuke, na kaka au mchumba ndiye aliyekanyaga pedeli. Benadetha naye alipakiwa hivyo hivyo mpaka mwaka ule baba yake alipoanguka kwenye ngazi akichuma kahawa na kuteguka kifundo cha mguu. Kahawa ilikuwa imekauka, mvua inanukia, na Privatus, kaka yake mkubwa, alikuwa shule ya bweni. Benadetha akafunga gunia kwenye keria kwa mipira ya tyubu kuukuu, akaisukuma baiskeli mpaka kwenye rweya, uwanda wa nyasi ambako macho ya majirani hayafiki, akapitisha mguu chini ya chuma cha katikati, akaanza.

Alirudi jioni magoti yamechunika.

"Umevunja nini?" baba yake, Mzee Kyaruzi, alimuuliza kutoka kitandani.

"Goti, Tata."

"Baiskeli je?"

"Nzima."

"Basi kesho punguza mzigo."

Anayeijua Muleba kwa kupita barabara ya lami hudhani ni vilima tu. Lakini ukipanda ule mlima kutoka Muhutwe, ukafika juu Kamachumu, nchi inatandazika. Kijiji cha migomba, halafu rweya, halafu migomba tena. Katikati inapita barabara nyekundu ya changarawe, na kila baada ya mwendo unakutana na mji mdogo wa zamani: maduka yenye baraza na mabati yaliyoliwa na kutu, kanisa lenye mnara mkubwa kuliko mji wenyewe, miti iliyopandwa na watu ambao hakuna anayekumbuka majina yao. Benadetha aliipenda nchi hiyo kwa sababu alikuwa ameipita yote kwa nguvu za miguu yake. Alijua wapi changarawe ni nyembamba na tairi linateleza, na wapi upepo wa ziwa unakupiga kifuani hata kama ziwa hulioni.

Aliolewa mbali, Rubafu, kaskazini ya mji wa Bukoba. Hakuzaa. Mume alisubiri, kisha akachoka kusubiri, akaleta mwanamke mwingine ambaye tayari alikuwa na tumbo. Benadetha hakugombana na mtu. Alfajiri moja alifunga nguo zake kwenye keria, akashuka mpaka Bukoba mjini, akapita Rwamishenye watu wakiwa ndiyo kwanza wanafungua maduka, akashika njia ya Kemondo. Jua lilipokuwa linatua aliingia uani kwa baba yake, mwekundu kwa vumbi kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Tata, nimerudi."

Mzee Kyaruzi alikuwa anachonga mpini wa jembe. Alimtazama, akatazama mzigo.

"Nimeona. Baiskeli iingize ndani, mvua inakuja."

Hayo tu. Mama yao alikuwa amekwisha kufariki, na Privatus alikuwa Mwanza, ana kazi na mke. Kwenye kibanja, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, walikuwa wawili, baba na binti, na kwenye kijumba cha pembeni Shangazi Klaudia, dada wa Kyaruzi, ambaye naye zamani alirudi kutoka kwenye ndoa. Benadetha alitandaza nyasi kwenye migomba, alipogoa kahawa, na siku za soko alipakia mikungu ya ndizi kwenye baiskeli akaenda Kamachumu. Watu walimcheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili walimzoea.

Sokoni ndiko alikokutana na akina Mwesiga. Huyu alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Bukoba. Yeye na wenzake walikuwa wamenunua baiskeli za mtumba zenye tairi pana na gia nyingi, na kila Jumamosi walikimbia lami na malori yake wakatafuta njia za vumbi. Siku hiyo walikuwa wamepotea kwenye rweya tangu asubuhi. Walimwona mwanamke amepakia mikungu mitatu, wakaamua kumfuata.

"Dada, unaelekea wapi?" Mwesiga alimuuliza akihema.

"Nyumbani."

"Na njia ya Nshamba?"

"Inapita kwetu. Nifuateni, ila mimi sisimami, ndizi zitachubuka."

Hawakumfikia mpaka alipofika uani kwake. Aliwapa mulamba, juisi ya ndizi ya siku ile ile isiyochachuka, wakanywa wamejitupa kwenye nyasi kama watu waliopigwa. Mzee Kyaruzi alitoka na fimbo yake akawaangalia, akazigeuza geuza baiskeli zao, akauliza mbona hazina keria. Walicheka sana. Mwesiga aliporudi wiki iliyofuata alileta wengine.

Ndivyo ilivyoanza safari yao ya kila Julai, Bukoba mpaka Muleba kwa njia za changarawe. Siku ya kwanza walipanda mpaka kwa Kyaruzi wakalala, siku ya pili wakakata tambarare kupitia Nshamba na Rubya, wakiingia kila mji wa zamani, wakisimama kwenye kila kanisa, wakinunua karanga kwenye kila baraza. Benadetha aliongoza. Mwesiga alimtafutia baiskeli yenye gia, na mwanzoni hakuiamini. Alisema inafanya kazi ambayo mguu ungefanya wenyewe. Walikuja watu wa Mwanza, wakaja wa Arusha, wakaja hata Wazungu wawili wenye ngozi iliyoungua. Walilala kwenye mikeka sebuleni, na wengine wakalala nje.

"Unalaza wageni kama mbuzi," Mzee Kyaruzi alimwambia mwaka mmoja. Alimshika mkono akampeleka chini ya kibanja, pale kahawa inapoishia na rweya inaanza, akapiga ardhi kwa fimbo. "Jenga hapa. Hapa ni pako."

Shangazi Klaudia alikuwa hatua chache kutoka pale, anapepeta maharage kwenye ungo. Aliinua uso akatabasamu.

"Utalisema mbele ya ukoo, Tata?" Benadetha aliuliza.

"Privatus akija Krismasi. Nataka alisikie kwa masikio yake, lisiwe neno la kusengenywa."

Benadetha alijenga. Alichoma tanuru la matofali na majirani, akapanda juu ya kenchi mwenyewe kupigilia mabati, akatengeneza vyumba vya wageni na jiko la nyuma la kuchemshia maji. Privatus hakuja Krismasi ile. Alipiga simu akasema kazi zimembana. Krismasi iliyofuata alisema mtoto anaumwa. Mzee alingoja. Kwake neno la ardhi halikuwa jambo la simu.

Kiharusi kilimkuta amekaa uani, asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Kikombe kilianguka kwanza. Benadetha alipomfikia, upande wake wote wa kulia ulikuwa umekufa na mdomo umekwenda pembeni, na kutoka siku hiyo Kyaruzi hakutamka neno ambalo mtu angeweza kulielewa. Binti yake alimlisha uji kwa kijiko, akamwogesha, akamgeuza kitandani mchana na usiku.

Privatus alikuja safari hii. Akaja pia Kahangwa, mdogo wake Kyaruzi, ambaye sasa ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Walisimama kando ya kitanda. Mgonjwa alipomwona mwanawe, machozi yalimtoka. Kisha aliinua mkono wa kushoto, ule uliobaki hai, akamnyooshea Benadetha. Akauzungusha polepole mpaka mlangoni, kule chini iliko nyumba ya matofali. Akaurudisha kwa Benadetha. Akaupeleka tena mlangoni.

"Anataka maji," Kahangwa alisema.

"Baba mdogo, hataki maji," Benadetha akasema. "Unaona anachoonyesha."

"Mletee maji."

Privatus mwenyewe ndiye aliyeleta kikombe. Mzee alifumba mdomo, maji yakamwagika kidevuni yakaingia shingoni. Alikuwa bado ameinua mkono. Mwishowe Kahangwa aliushika, akaushusha, akaufunika na blanketi.

Alikufa majuma machache baadaye. Walimzika kwenye kibanja, kati ya migomba, karibu na mkewe, na akina Mwesiga walitoka Bukoba kuja kuzika. Baada ya matanga ukoo ulikaa. Privatus alikalishwa kwenye kigoda cha baba yake, mrithi, na Kahangwa akasimama.

"Kibanja ni cha Privatus, chote. Benadetha ni mtoto wa kike wa nyumba hii. Atakula humu siku zote za uhai wake. Chumba cha mama yake ni chake."

"Na nyumba ya matofali?" Benadetha aliuliza. Alikuwa amekaa chini pamoja na wanawake.

"Nyumba imesimama juu ya nini? Juu ya hewa?"

"Tata alinipa pale."

"Alikupa mbele ya nani? Sisi tumeona mkono wa mgonjwa. Mkono si neno." Kahangwa hakupaza sauti. Alikuwa anazungumza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Mwanangu, mila hii hatukuitunga sisi. Mtoto wa kike ni mgeni kwenye kibanja."

"Mgeni gani anamgeuza mwenye nyumba kitandani asioze vidonda?"

Mtu mmoja alikohoa, mwingine akauliza kama kuna pombe iliyobaki.

Privatus alimfuata nje. Alikuwa amekonda, kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa kimewapunguza watu, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. "Bena, mimi sikufukuzi," alisema. "Nilikokuwa kumeisha. Nina watoto. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

"Ningekuja Krismasi."

Mkewe, Annastella, alihamia kabla ya mwezi kwisha. Hakuwa mwanamke mbaya. Alileta makochi na runinga akaviweka kwenye nyumba ya wageni, akashona mapazia. "Wifi," alisema kwa uchangamfu, "wewe utakuwa jikoni. Wageni wameuzoea mkono wako." Benadetha alimtazama na kuona kwamba alidhani anampa heshima.

Alipeleka shauri kwenye baraza la ardhi. Pale walimwambia wazi kwamba sheria haimzuii mwanamke kumiliki ardhi, ila lazima athibitishe kuwa alipewa. Alete shahidi. Shahidi alikuwa mmoja, Shangazi Klaudia.

"Nitasema, mwanangu," shangazi alimwambia. "Miguu imekufa, lakini sikio langu zima. Nilisikia, na nitasema nilichosikia."

Siku ya shauri Benadetha alikuwa amemwandalia mtu wa pikipiki. Kahangwa akafika mapema na gari la kukodi. Alisema bibi kizee hawezi kupanda pikipiki kwenye vumbi lile, apande gari na wengine, wote si wanakwenda mahali pamoja? Klaudia aliingizwa kiti cha nyuma, kati ya Kahangwa na Privatus. Benadetha aliwafuata kwa baiskeli. Alipofika Muleba walikuwa wamekwisha kukaa kwenye benchi, na shangazi alikuwa anatazama viatu vyake.

Mwenyekiti wa baraza alimsogelea kwa heshima, akasema taratibu. "Mama, ulimsikia marehemu akisema sehemu ile ni ya binti yake?"

"Nilikuwa napepeta maharage."

"Ndiyo, mama. Ulimsikia?"

"Maharage yana kelele."

"Tunaomba utujibu. Alisema au hakusema?"

Klaudia alijifunga upya kitenge chake kiunoni, akakifungua, akakifunga tena. "Sikumbuki, waitu," alisema kwa heshima.

Mwenyekiti alirudia swali kwa namna nyingine, na kwa namna ya tatu. Jibu halikubadilika. Shauri likaishia hapo.

Jioni ile Benadetha alimkuta shangazi kwenye kijumba chake, moto umezimika, amekaa gizani. Alikuwa amekuja na maneno mengi, aliyapanga njia nzima kutoka Muleba. Klaudia alimtangulia.

"Ndani ya gari Kahangwa hakunitukana. Hakunitisha. Aliniuliza swali moja tu. Aliniuliza, 'Klaudia, wewe utazikwa wapi?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu pale barazani. Ulinisikia."

Benadetha alisimama mlangoni. Angekuwa na wa kumchukia, ingekuwa nafuu. Lakini alikiangalia kile kijumba, mabati ya kupewa, kitanda cha kupewa, na mwanamke aliyeishi nusu ya maisha yake akijua kwamba neno moja la kaka au mtoto wa kaka lingemtoa humo, akajua kwamba anatazama chumba ambacho yeye mwenyewe ametengewa. Aliinama akawasha moto wa shangazi, akaweka sufuria ya maji. Asubuhi aliondoka. Alichukua baiskeli na nguo zake, na migomba hakuiaga.

Alipanga chumba Muleba mjini, karibu na stendi, akaanza kutengeneza baiskeli za watu: kuziba pancha, kunyoosha rimu, kukaza cheni. Kazi haikukosekana.

Julai ilipokaribia, Mwesiga alimfuata. Alikaa kwenye kreti ya soda iliyogeuzwa, akasugua magoti.

"Dada Bena, ninajua yaliyotokea."

"Kila mtu anajua."

"Wageni wameshajiandaa, wengine wanatoka mbali. Juu kule hakuna paa lingine la kulaza watu wengi hivi. Nimezunguka, nimetafuta. Kweli nimetafuta."

"Paa hilo nalijua. Nililipigilia misumari."

Mwesiga aliuliza, kwa sauti ya chini, kama ataongoza.

"Nitaongoza," Benadetha alisema. "Barabara haijarithiwa na mtu."

Aliongoza. Walitoka Bukoba asubuhi ya ukungu, wakapita Kemondo, wakapanda ule mlima kwa gia ndogo, wakafika juu jua limegeuka. Wageni walishangilia tambarare ilipofunguka mbele yao, nyasi za rweya zimekauka rangi ya dhahabu na barabara inanyooka katikati. Alikwenda nao mpaka penye njia inayokata kushuka kwa Kyaruzi. Hapo alisimama, mguu mmoja chini.

"Nyumba ni ile. Vyumba mnavijua. Maji ya kuoga yanachemshwa jiko la nyuma. Kesho asubuhi nitawakuta hapa hapa."

"Na wewe?" mmoja aliuliza.

"Nalala Nshamba."

Mwesiga alimwita kwa jina, lakini alikuwa ameshaanza kukanyaga. Vijana wawili walimfuata kidogo, kisha wakaona njaa na giza, wakageuza. Usiku ule walikula ndizi na samaki wa Annastella, wakaoga maji ya moto. Chakula kilikuwa kizuri. Mwesiga alimwambia hivyo Benadetha asubuhi, kisha akakanyaga pedeli akatangulia mbele mpaka Rubya.

Safari ile ilifanyika mara chache zaidi kwenye nyumba hiyo. Privatus hakuwa mkulima. Migomba iliingiwa na ugonjwa wa mnyauko, na hakujua kwamba mgomba mgonjwa unakatwa na kuzikwa mapema, alingoja ipone. Ilipokufa alikata na kahawa, akapanda mikaratusi, akasema miti haihitaji kuangaliwa. Mikaratusi ikanywa maji ya kisima. Wageni wakakuta bomba kavu, na mwaka uliofuata akina Mwesiga walipata pa kulala kwenye jengo la parokia.

Ndipo Privatus alipokuja Muleba. Benadetha alikuwa ameshika gurudumu, analizungusha kutafuta pale lilipopinda.

"Bena, rudi nyumbani. Nyumba ile ichukue, uiendeshe wewe. Tugawane."

"Utalisema mbele ya ukoo?"

Privatus aliangalia barabarani. "Baba mdogo hatakubali. Lakini mimi na wewe tutaelewana. Kati yetu tu."

"Kati yetu tu," Benadetha alirudia, akaendelea kuzungusha gurudumu mpaka kaka yake alipoondoka.

Mwaka jana Shangazi Klaudia alifariki. Benadetha alikwenda kumzika. Walimzika pembeni, mahali palipokuwa na migomba zamani, sasa majani makavu ya mikaratusi yamejaa mpaka kaburini. Alitupa udongo wake, akasimama na wanawake mpaka mwisho wa sala. Kahangwa, mzee kabisa sasa, alimjia akijikongoja na kumshika bega. Kulikuwa na wema wa kweli usoni mwake.

"Unaona, mwanangu. Wetu tunawazika kwetu. Na wewe nafasi yako ipo, pale karibu na mama yako. Hakuna atakayekunyima."

"Hapo pandeni mkaratusi," Benadetha alisema.

Hakungoja chakula. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alimfuata katekista wa parokia pale Muleba akamuuliza utaratibu wa kuzikwa kwenye makaburi ya kanisa. Katekista alishangaa, maana huku kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja cha kwao, na makaburi yale ni ya mapadre, masista na wageni waliofia safarini. Alimuuliza kama hana kwao.

Benadetha alisema anako. Alisema kuko juu, upande wa Kamachumu, ni mwendo wa asubuhi moja tu kwa baiskeli.